Kabla ya kumuachia muuzaji kamio yenu ya zamani



Kila mwaka, kahawa ikishauzwa, kuko koperative moja ao mbili zinakuja kutuambia kwamba kamio yao imechoka na wanataka kununua ingine. Na karibu wote wanakuja na wazo moja: "Tutamupatia muuzaji ile ya zamani, tumuongezee makuta, atupatie ile iko na nguvu." Mimi sikatai koperative kununua kamio. Lakini ile kubadilishana, vile tunaifanya sisi, inakula feza ya wakulima na hakuna mutu anaona fasi inapitia. Ninasema vile juu mbele ya kufanya kazi katika shirika nilikuwa kesie wa koperative, na ni mimi mwenyewe nilihesabu makuta juu ya meza ya muuzaji.

Ilikuwa hivi. Koperative yetu ya kahawa, upande wa Lubero, ilikuwa na Toyota Dyna moja ya zamani. Ilikuwa ingali inatembea, lakini kila mwezi mekanisie alikuwa chini yake. Siku moja tukashuka Butembo watu watano, ndani ya ile Dyna, ikiwa na matope mupaka ku vioo. Muuzaji akatupokea muzuri sana, akatuma mutoto atununulie sukre. Akatuonyesha Canter moja ya buluu. Sisi hatujauliza bei bado, yeye akatutangulia: "Papa Prezida, ninyi ni ndugu zangu, siwezi kuwapatia bei ya bageni. Muniambie tu, mulikuja na nini?" Prezida wetu akajibu kwa roho nyeupe: "Tuko na hii Dyna unaona pale, na dola 12.000."

Kazi ya muuzaji iliishia pale. Lakini sisi tulizungumuza saa tatu zingine, tukitoka jasho.

Canter, akasema, ni dola 17.000. Dyna yetu, yeye angeichukua kwa 4.000. Tukakataa. Muzee mumoja wa komite akasimama, akafanya kama mutu anaenda. Muuzaji akamurudisha, akalia kidogo juu ya watoto wake wenye kusoma, akapandisha ku 4.500, kisha ku 5.000. Sisi tukaona tumeshinda! Kule ku parking kulikuwa mufanyabiashara wa makala aliyekuwa ametuambia asubui kwamba anaweza kulipa Dyna dola 3.200, hata franga moja zaidi hapana. Na huyu alikuwa anatupatia 5.000. Sasa toa 5.000 ku 17.000. Inabakia 12.000, sawasawa na ile prezida alitaja akingali na chupa ya sukre mu mukono.

Wiki tatu kisha, koperative ya jirani ilinunua Canter ya mwaka uleule, katika kiwanja kilekile. Wao hawakukuwa na kamio ya zamani. Walilipa dola 13.500.

Fanyeni hesabu pamoja na mimi. Kama tungeuza Dyna kwa yule wa makala na kununua Canter kwa bei ya jirani, ingetoka mu kesi yetu dola 10.300. Ilitoka 12.000. Ile "zawadi" ya muuzaji juu ya Dyna, ni sisi tuliilipa, na tukamuongezea 1.700. Katika mukutano mukubwa mama mumoja aliuliza: "Dola 1.700, ile ni kilo ngapi za kahawa yetu?" Nilikuwa na daftari mu mukono na sikujibu.

Katika biashara ya namna hii kuko namba tatu: bei ya ile munanunua, bei ya ile munaachia, na makuta yenye inatoka mu kesi. Muuzaji anaweza kupandisha ya pili vile munataka, juu anashika ya kwanza kwa mukono mwingine. Munafurahia 5.000, lakini yeye anaangalia ya tatu peke yake. Kwa hiyo mimi ninaona hivi: musitaje kamio ya zamani hata kidogo mupaka bei ya ile ingine iandikwe ku karatasi. Muiache nyumbani, mushuke na basi ao moto. Akiuliza, mumujibu: "Hiyo tutaizungumuza kisha, kama tutakuwa na lazima." Wazee wengine waliniambia kwamba kuficha vile haiko heshima. Nikawauliza kama muuzaji aliwaambia bei alinunulia.

Na mbele ya kushuka, mujue ya kwenu inauzwa ngapi. Haiko ile bei munaipenda, wala ile mulinunulia. Ni bei ya mutu mwenye anaweza kuleta makuta leo. Muulize washofere ku parking, muulize wenye kubeba makala na mbao, muulize koperative zingine. Kama wawili wanasema 3.000 na mumoja 3.200, mumekwisha kujua. Muuzaji akiwapatia 2.800 lakini bei ya kamio ingine imeshaandikwa na ni ya haki, munaweza kumuachia juu ya kuepuka kuzunguka wiki mbili. Ni uchaguzi wenu, na munaufanya macho wazi.

Siseme wauzaji ni wezi. Kamio zenye wanaleta zinashuka ku Mombasa, zinavuka Uganda yote, zinaingilia ku Kasindi, na kila fasi kuko mutu wa kulipwa. Kisha inakaa miezi katika kiwanja na mulinzi anakula. Lazima mutu apate faida. Lakini yeye anapatana bei kila siku, na sisi mara moja katika miaka munane. Hapo ndiyo tofauti iko.

Sasa niseme kitu chenye wakubwa wangu wa shirika pengine hawatapenda. Sisi pia tunaharibu bei. Tunaomba koperative ilete faktire proforma tatu, na tunaona kama kazi ya kutafuta bei imefanyika. Mimi nimeshaona proforma tatu zenye mihuri tatu na kosa moja la kuandika, lilelile, katika zote tatu. Muuzaji anaandika yake, kisha anaomba shemeji yake mbili za bei ya juu zaidi. Namba iliyo mule ndani ni bei ya shirika, haiko bei ya mulimaji. Tena muuzaji anajua kama proje inafunga mwisho wa mwezi wa kumi na mbili na kama feza isipotumika inarudi. Mutu mwenye anajua siku yako ya mwisho anakungojea tu. Kama ni mimi ningekata shauri, koperative ingepewa miezi sita ya kutafuta, jina la shirika lisionekane ku karatasi ya muuzaji, na ile inabakia kisha kupatana bei ingekuwa ya koperative, kwa kununua mapine na asiranse. Leo ile inabakia inarudi kwetu. Sasa nani atajisumbua kushusha bei?

Kuko pia komisionere. Ni kijana muzuri, anawapokea ku parking, anajua fasi zote. Anakula kwenu na anakula kwa muuzaji, na bei ikipanda, sehemu yake inapanda. Mumulipe kwa kuwaonyesha viwanja, kiasi mulichopatana mbele, kisha abakie inje wakati wa mazungumuzo. Na yeyote wa komite mwenye anakubali matabishi ya muuzaji, hata kama ni ya kununua mbuzi ya sikukuu, ajue kwamba ile mbuzi iko ndani ya bei.

Kupatana bei bila kujua kasoro za motokari ni kuomba. "Tupunguzie, sisi ni wakulima" haina nguvu. "Hii mapine sita ni ya kutupa, na mapine sita mapya ni bei fulani," hiyo iko na nguvu. Ku pine nyingi kuko alama za DOT, na namba ine za mwisho zinaonyesha juma na mwaka ilitengenezwa: 2314 ni juma la 23 la mwaka wa 2014. Pine inaweza kuwa nyeusi na kungaa na iwe imezeeka. Muuzaji wetu alikuwa amezipaka rangi.

Mumuombe asiwashe motere mbele mufike. Mukifika, mugusishe mukono: kama imeshapata moto, mujiulize juu ya nini aliiamsha mapema. Motere yenye baridi ndiyo inaonyesha ukweli. Moshi ya buluu ni mafuta inaungua ndani. Mafuta ya motere ikiwa na rangi kama ya chai ya maziwa, maji imeingia, na hapo murudi nyumbani. Musiamini namba ya kilometre, juu inarudishwa nyuma. Muangalie pedali na usukani vile vimelika. Kisha muipakie uzito na kupanda nayo mulima. Motokari tupu inapanda kila fasi.

Muangalie tena usukani. Nyingi zinatoka Japani zikiwa na usukani kuume, na sisi huku Kongo tunapitia kuume. Shofere akitaka kupita lori ingine, haoni mbele mupaka atoe kichwa chote cha kamio. Zingine zimeshageuzwa, usukani ukapelekwa kushoto. Ile kazi inaweza kuwa ya fundi wa kweli ao ya mutu wa kubahatisha, na haionekani kwa macho ya kesie. Mulete mekanisie wenu, mwenye munalipa ninyi. Yule wa kiwanja ni wa muuzaji, hata kama ni mutoto wa dada yenu.

Karatasi sasa. Bei yenye anataja, ni pamoja na duane ao bila duane? Sisi hatukuuliza. Muombe karatasi za DGDA, muzisome, na mulinganishe namba ya shasi ku karatasi na ile imepigwa ku chuma. Kama motokari ilitengenezwa kwa kuuzwa ndani ya Japani, namba yake ni fupi kuliko ile ya 17 yenye munazoea. Hiyo peke yake haionyeshi wizi, bora zilingane. Plaki na karte roze nani analipa? Iandikwe. Na kwa upande wa ile munaachia, kuko jambo moja ambalo halikunipatia usingizi. Dyna yetu ilibakia na karte roze ya jina la koperative, na hatukuandikiana kitu. Mwezi moja kisha nikaiona ku barabara imebeba watu juu ya mizigo, na dreva simujui. Kama ingeanguka siku ile, wangekuja kutafuta nani? Karatasi ya mauzo ni lazima, yenye siku na hata saa, sahihi za pande mbili na shahidi.

Juu ya watu wa kutuma, watano ni wengi. Watatu wanatosha: mumoja wa kusema, mekanisie, na mumoja ambaye kazi yake ni kukataa tu. Kiasi cha mwisho kiamuliwe katika mukutano mukubwa na kiandikwe, kisha wale wanashuka wasiwe na ruhusa ya kukipita hata kwa dola 50. Tangu Kongo iliingia katika OHADA mwaka wa 2012, koperative zetu ziko chini ya sheria inayotaka viongozi watoe hesabu mbele ya wanamemba. Nimeona sheria hiyo ikiwasaidia viongozi wenyewe: mutu mwenye anaweza kusema "wanamemba wamenikatalia" iko vigumu kumusukuma. Na wakati wa kuhesabu, muangalie noti usiku mbele ya kutoka. Noti ya dola yenye kupasuka kidogo, ao ya zamani sana, muuzaji ataikataa ao ataihesabu pungufu, na hapo munarudi tena mu kupatana bei wakati mumekwisha choka.

Msimu huu koperative yetu ya zamani inatafuta pikapu ya kubebea mbolea na miche. Canter ya buluu ingali inatembea, hawaigusi. Yule mama aliyeuliza swali la kilo ndiye wamechagua kwenda kuzungumuza. Nilimupigia simu kumuuliza wamemuwekea kiasi gani. Akacheka, akasema: "Papa, wewe siku ile ulikuwa ndani. Sikuambie."