Tamko Kuhusu Haki ya Usafiri wa Shule kwa Wanafunzi Wenye Ulemavu katika Delta ya Rufiji na Kibiti

Sisi wazazi, walezi na walimu, wanachama wa chama kinachosimamia elimu ya watoto wenye ulemavu wilayani Kibiti, tumekutana na kushauriana. Tunatoa tamko hili kwa wananchi na kwa mamlaka zote zinazohusika.

1. Katika kata za delta za Kiongoroni, Maparoni, Mbuchi, Msala na Salale, watoto wengi huenda shule kwa mtumbwi au kwa boti ya mtu binafsi, na saa ya kuondoka huamuliwa na maji kupwa na kujaa. Maji yakipwa, chombo hukwama mbali na ukingo, abiria wakashuka topeni. Mwanafunzi asiye na ulemavu hukunja sare yake akapita. Anayetumia kiti mwendo hubebwa mgongoni, na mara nyingi kiti chenyewe huachwa ng'ambo kwa kuwa chombo kimejaa. Basi mtoto huyo hufika darasani, lakini hawezi kwenda chooni mpaka apatikane wa kumbeba. Binti aliyekwisha kuvunja ungo naye hubebwa vivyo hivyo, na yeyote aliye karibu. Jambo hili linagusa utu wake kabla halijagusa masomo yake.

2. Mwenye ualbino husafiri juani katika chombo kisicho na turubai. Kiziwi hasikii nahodha anapoonya. Huku bara, kandokando ya barabara kuu iendayo Lindi, mzazi hutakiwa kulipia bodaboda zaidi kwa sababu ya kiti mwendo, au gari humpita mtoto kituoni.

3. Sheria haina utata. Ibara ya 11 ya Katiba inatambua haki ya kila mtu kujielimisha. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Tangu mwaka 2016 elimu katika shule za umma, kuanzia awali hadi kidato cha nne, hutolewa bila ada, nasi tunaishukuru Serikali kwa hatua hiyo. Nauli, hata hivyo, imebaki mabegani mwa mzazi, na ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi haikuwekwa kwa ajili ya kulipia boti.

4. Kwa hiyo Chama kinatamka kwamba usafiri ni sehemu ya elimu yenyewe. Si hisani, wala si jambo la kusubiri mfadhili. Tunafahamu kwamba jibu la haraka huwa ni bweni. Wapo watoto wanaolihitaji, na kwao lijengwe vizuri. Lakini mtoto wa miaka 7 hawezi kutenganishwa na mama yake kwa sababu tu kijiji hakina chombo cha kumvusha. Jirani yake asiye na ulemavu hatakiwi kuhama nyumbani ili asome.

5. Chama kinaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti itenge katika bajeti yake fungu la usafiri wa wanafunzi wenye ulemavu, linalojumuisha boti zenye turubai, maboya ya kujiokolea yanayomtosha mtoto, na nafasi ya kiti mwendo. Magati yajengwe kwa mteremko, yafikike hata maji yakiwa yamekupwa. Mafuriko ya mwaka 2024 wilayani kwetu yalionyesha pia kwamba mpango wa uokoaji usiomtaja mtoto asiyeweza kukimbia haujakamilika. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini na Shirika la Uwakala wa Meli nazo zihakikishe, kila moja katika eneo lake, kwamba hakuna mwanafunzi anayekataliwa au kutozwa zaidi kwa sababu ya ulemavu wake. Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu ni mtaji wao wa kujiajiri. Isigeuzwe kuwa nauli ya watoto.

6. Chama kitaorodhesha, kijiji kwa kijiji, watoto wote wanaokosa shule kwa kukosa usafiri, na kitaikabidhi orodha hiyo kwa Mkurugenzi Mtendaji na kwa madiwani kabla bajeti ijayo haijapitishwa. Bajeti hiyo ikipita bila fungu hilo, Chama kitawasilisha malalamiko rasmi mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, pamoja na orodha hiyo hiyo.