Bima Bila Kupimwa: Kipimo Kinakungoja Mbele

Ndugu wanachama,

Mimi ni mfanya kazi wa njia ya reli hapa Voi, na kwetu ni Mghange, juu katika vilima vya Taita. Sikusoma sana. Shule yangu ni ile ya misheni kule mlimani, nikaishia darasa la nane. Kwa hiyo sisemi kama wakili, wala kama mtu wa bima. Nasema niliyoyaona, na niliyoyapata kwa kuuliza na kusoma, kwa maana jambo lenyewe linatuhusu sote tulio na watoto na wazee wa kulisha.

Jambo hilo ni bima ya maisha isiyotaka mtu kupimwa na daktari. Siku hizi mawakala wanatufuata mpaka tunakofanya kazi, na bima nyingine mtu huikata kwa simu tu, akiwa amekaa juu ya taruma anakunywa chai. Maneno yao ni matamu: huna haja ya daktari, huna haja ya kutolewa damu, tia sahihi hapa. Nasi twafurahi, kwani nani apendaye sindano? Tena nani aliye na siku nzima ya kupoteza hospitalini bila mshahara kukatwa?

Mimi sisemi bima hiyo ni mbaya. Nasema hivi: kampuni isipokupima leo, haikukiacha kipimo, imekihamisha. Ni heri ujue kimewekwa wapi, kabla mjane wako hajakikuta.

Tulikuwa na mwenzetu katika genge letu, mtu mwenye bidii na nguvu za kubeba reli. Alikuwa na presha, na dawa zake alizinywa mbele yetu kila asubuhi. Alikata bima kwa wakala mmoja. Wakala alimsomea maswali upesi upesi, na lilipofika swali la maradhi hakungoja jibu, akatia alama penye "La". Mwenzetu akatia sahihi. Alilipa shilingi 500 kila mwezi kwa muda wa miaka mitatu. Hesabu ya kuzidisha tuliyofundishwa shuleni inatosha hapa: ni shilingi 18,000. Kisha presha ikamwangusha usiku mmoja, akafa.

Tulimpandisha kwao kwa mchango wetu, kupitia Mwatate mpaka Wundanyi na kuendelea mlimani. Baada ya wiki kadhaa mjane wake akaniletea barua, akaniambia, "Shemeji, nisomee, mimi sielewi." Nilisoma. Kampuni ilikuwa imeuliza hospitali, ikapata kadi ya presha ya miaka mingi, ikailinganisha na fomu. Fedha za bima hazitalipwa, kwa kuwa marehemu alificha ugonjwa wake. Yule mama akaniuliza, "Alimficha nani, na dawa alizinywa mbele ya watu?" Sikuwa na jibu.

Ndugu, hapo ndipo kipimo kilipokuwa. Hakikuwa kwa daktari, kilikuwa ndani ya fomu. Naye aliyepimwa hakuwa mume aliye hai, awezaye kujieleza, bali karatasi yake baada ya kufa.

Sasa tuulize, kwa nini kampuni ikubali kutompima mtu? Si kwa huruma. Kumpima mtu ni gharama: daktari alipwe, damu na mkojo vipimwe. Ikiwa bima yenyewe ni ya fedha kidogo, gharama hiyo ni kubwa kuliko faida yake. Basi kampuni inajikinga kwa njia nyingine nne. Kwanza, inaweka fedha za bima ziwe chache. Pili, inatoza ada ya juu kuliko ya mtu aliyepimwa akaonekana mzima. Tatu, inaweka muda wa kungoja, yaani ukifa kwa ugonjwa kabla ya miezi fulani kwisha, warithi hawapati fedha zote, ila pengine hurudishiwa ada tu. Nne, inakuuliza maswali na kukutaka useme kweli tupu. Mkataba wa bima, tangu zamani, umesimama juu ya kweli ya yule anayeomba.

Jambo hili si geni duniani. Huko Uingereza, kampuni ya Prudential ilianza mwaka 1854 kuwauzia wafanya kazi bima ndogo ndogo. Mawakala walipita nyumba kwa nyumba kila wiki kukusanya peni. Maskini walizipenda, hasa kwa ajili ya mazishi, maana waliogopa kuzikwa na serikali kama watu wasio na wenyewe. Lakini fedha nyingi zililiwa na gharama za kukusanya, na mikataba mingi ilikufa kwa sababu mtu alishindwa kulipa. William Beveridge, katika ripoti yake mashuhuri ya mwaka 1942, aliilaumu biashara hiyo kwa mambo hayo mawili. Basi tusidhani kwamba kidogo kidogo ni rahisi siku zote. Mara nyingi maskini hununua ghali kuliko tajiri.

Lakini iko njia nyingine ya bima bila kupimwa, nayo ndiyo ninayotaka chama chetu kiishike kwa mikono miwili. Ni bima ya kikundi. Mwaka 1912 huko Chicago, Marekani, kampuni ya biashara iitwayo Montgomery Ward ilipatana na kampuni ya bima ya Equitable, wafanya kazi wake wakakatiwa bima kwa mkataba mmoja, bila kila mtu kupelekwa kwa daktari. Desturi hiyo ikaenea, na hapa Kenya makampuni ya bima huiuza kwa waajiri, vyama na ushirika.

Kwa nini kikundi hakipimwi? Sisi wa njia tunaelewa upesi. Taruma moja bovu kati ya mazima haliangushi gari la moshi, kwa kuwa uzito unagawanywa. Mataruma mabovu kumi yakifuatana, gari litaanguka. Mtu akija peke yake kutafuta bima, kampuni huogopa kwamba amekuja kwa sababu anajua yu mgonjwa. Lakini watu mia mbili walioajiriwa reli hawakukutana kwa sababu ya ugonjwa, walikutana kwa kazi. Wamo wazima na wamo wenye presha, na ada huhesabiwa kwa wote pamoja. Kampuni huweka kiwango: mpaka fedha kadha wa kadha hakuna mwanachama anayepimwa, anayetaka zaidi ndiye aendaye kwa daktari. Kwa watu wa mshahara kama wetu, kiwango hicho mara nyingi chatosha.

Kuna wanaosema, "Mbona tumekwisha kulindwa?" Hebu tutazame.

Sheria ya fidia ya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awakatie bima wafanya kazi wake, na mtu akifa kwa ajali ya kazi, wategemezi wake hulipwa mshahara wa miezi 96. Hiyo ni haki kubwa, wala hakuna kupimwa. Lakini ni ya ajali na maradhi ya kazi. Ukifa kwa malaria nyumbani Mghange, sheria hiyo haikujui.

Katika ushirika wa akiba na mikopo, mara nyingi mkopo hukatiwa bima, tena bila daktari. Mkopaji akifa, deni hufutwa. Hilo ni jema, maana wadhamini hawasumbuliwi. Lakini kufuta deni si kumlipa mjane. Wengi huchanganya mambo hayo mawili.

Na wako wanaokimbia kupimwa kwa hofu ya virusi vya Ukimwi. Hao nawaambia wasiogope. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa virusi hivyo ili apate bima. Inazitaka kampuni ziweke kiwango cha fedha ambacho chini yake mwombaji haulizwi hali yake. Akitaka kupita kiwango hicho, hapo kampuni yaweza kutaka apimwe. Lakini angalieni: ruhusa hiyo ni ya virusi hivyo tu. Ukiulizwa juu ya presha, kisukari au moyo, ni lazima ujibu kweli.

Bima ya kikundi nayo ina kasoro yake, na sitaificha. Ni kama nyumba ya reli: ukiacha kazi, unatoka. Wazee wetu wengi waliachishwa kazi wakati reli ilipokodishwa mwaka 2006. Mtu wa miaka hamsini, mwenye kisukari, akitoka kazini leo aende kutafuta bima peke yake, atapata shida. Mikataba mingine humruhusu anayeacha kazi kuiendeleza kwa fedha zake bila kupimwa, mradi aombe mapema katika muda uliowekwa. Mingine haina ruhusa hiyo. Chama kikikaa mezani na mwajiri, neno hilo liandikwe ndani ya mkataba. Lisiachwe liwe la ahadi ya mdomo.

Atauliza mtu, je, ni afadhali kupimwa au kutopimwa? Jibu langu ni hili. Kijana mzima anayetaka bima kubwa, na apimwe. Ada yake yaweza kuwa nafuu, na hali yake itajulikana akiwa hai. Mgonjwa, na ashike bima ya kikundi kwanza. Akikata na ile ya peke yake bila daktari, aandike ugonjwa wake wazi. Afadhali kampuni imkatae leo akiwa na fedha zake mfukoni, kuliko imkatae mkewe baada ya miaka mitatu ya kulipa.

Basi naomba mambo matano.

1. Chama kidai bima ya maisha ya kikundi kwa kila mfanya kazi, wa kudumu na wa mkataba, na kila mwanachama aonyeshwe mkataba huo katika lugha anayoielewa.

2. Mtu asikubali wakala amjazie fomu kwa haraka. Jisomee, jibu mwenyewe, kisha ubaki na nakala. Kama hujui kusoma vizuri, mlete katibu wa tawi.

3. Uliza muda wa kungoja ni miezi mingapi, na ukikosa kulipa mwezi mmoja itakuwaje.

4. Mwambie mkeo au mumeo hati iko wapi, na jina la mrithi ni la nani. Hati iliyofichwa ndani ya sanduku haimfai mtu.

5. Kampuni ikikataa kulipa, tusiishie kulia. Iko Mamlaka ya Kusimamia Bima, Nairobi, inayotoa leseni kwa makampuni na mawakala, na inayopokea malalamiko ya wananchi. Tawi limsaidie mjane kuandika barua. Sisi hatukufanya hivyo kwa mwenzetu, kwa kuwa hatukujua. Hilo ni kosa letu, nami nalikiri.

Yule mama sasa anauza mboga sokoni, na mtoto wake mkubwa aliacha shule akatafuta kibarua. Kila nimwonapo naikumbuka ile alama ndogo penye "La". Ilichukua nukta moja kuiandika. Swali lenyewe lilikuwa rahisi, na jibu tulilijua genge zima.

Tuijibu kweli tukiwa hai, ndugu, tena tuijibu pamoja. Umoja ni nguvu.

Mimi mwenzenu katika kazi,
Mfanya kazi wa njia, Voi