Kiondo Hakikusema Hayo

Kikaratasi chenyewe ni kizuri, kigumu, cha rangi ya kaki, kimetobolewa tundu la kupitishia uzi. Kinasema kwamba mistari ya zigizaga kwenye kiondo hiki ni vilele vya Mlima Kenya. Kwamba pembetatu tatu ni baba, mama na mtoto. Kwamba rangi nyekundu ni damu ya mashujaa wa Mau Mau. Na kwamba wakati wa vita wanawake wa Meru na Embu walipashana habari kwa kusuka alama hizi, mkoloni akitazama bila kuelewa. Mnunuzi wa Nairobi aliniletea bunda zima, nishone kimoja ndani ya bitana ya kila kiondo.

Mimi ni fundi wa kumalizia. Vyondo hufika kwenye cherehani yangu mjini Embu vikiwa vimesukwa tayari, vingine kutoka Ishiara na Siakago, vingine vimesafirishwa kwa matatu kutoka Marimanti kule Tharaka. Natia bitana, zipu na mikanda ya ngozi, basi. Lakini nimezaliwa Mbeere, nikakulia kati ya wanawake waliosokota katani kwenye paja huku wakipiga soga, na maneno ya kikaratasi kile sikuwahi kuyasikia kwa yeyote kati yao. Nikakipeleka kwa wasusi.

Damu ya mashujaa ilikuwa sweta. Shosho mmoja wa Ishiara alicheka hadi akaweka kazi chini. Uzi ule mwekundu ulitoka kwenye sweta kuukuu ya shule ya mjukuu wake, iliyokuwa imetoboka viwiko. Aliifumua, akaukunjua uzi, akausukia. Ndiyo maana vyondo vingi vinavyopita mikononi mwangu vina rangi za sare: nyekundu iliyokoza, bluu ya giza, kijani. Zigizaga je? Mmoja aliniambia alifunzwa na mke mwenza wa shangazi yake, aliyeolewa kutoka Ukambani, ng'ambo ya Tana. Mwingine aliiona kwenye sampuli iliyoletwa na mnunuzi enzi zile vyondo vilipokuwa vikienda Ulaya na Marekani kwa wingi. Wa tatu alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji ni maji. "Ni urembo, mwanangu. Wewe hupendi urembo?"

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi wa kikaratasi angelijua kama angekaa na msusi hata asubuhi moja. Kiondo huanzia kitakoni. Nyuzi za kusimama huongezwa kadiri kinavyopanuka, kisha uzi wa kulala huzungushwa mfululizo bila kukatika. Kwa hiyo mshipi wa rangi huja karibu wenyewe: badili uzi, zungusha, umepata. Zigizaga inataka hesabu. Idadi ya nyuzi za kusimama isipogawanyika sawasawa, mwisho wa mzunguko kilele kimoja hugongana na kingine na mchoro huharibika. Msusi hodari huhesabu tangu kitakoni. Asiye hodari sana hulipeleka kosa upande ambao mkanda wa ngozi utalifunika, nami nalijua kwa sababu ndipo ninapopitisha sindano. Hesabu hiyo ndiyo elimu iliyomo ndani ya zigizaga, na kikaratasi hakiitaji hata kwa neno moja.

Ugonjwa huu wa kuzua maana si wa kwetu peke yetu. Marekani wana mifarishi, yale mablanketi ya viraka yanayoshonwa kwa vipande vya nguo kuukuu. Mwaka 1999 Jacqueline Tobin na Raymond Dobard walichapisha kitabu, *Hidden in Plain View*, kilichodai kwamba kabla ya utumwa kufutwa watu weusi walianika mifarishi kwenye nyua kama ramani ya siri: mtindo huu maana yake fungasha vyombo, ule maana yake fuata nyayo za dubu, mwingine maana yake nenda njia panda. Msingi wa simulizi hiyo ulikuwa mama mmoja aliyeuza mifarishi Charleston, Carolina Kusini, Ozella McDaniel Williams. Simulizi ikaingia madarasani na kwenye makumbusho. Mwanahistoria Giles Wright aliipinga waziwazi, na wajuzi wa mifarishi wakaonyesha kwamba baadhi ya mitindo iliyotajwa haina ushahidi wa kuwepo wakati huo. Miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilituma watu kuwahoji zaidi ya wazee 2,000 waliozaliwa utumwani, na watafiti waliozipekua kumbukumbu hizo hawakukuta habari za mifarishi ya ramani. Hata hivyo, mwaka 2007, New York ilipokuwa ikijenga uwanja wa kumkumbuka Frederick Douglass kwenye kona ya Central Park, simulizi hiyo ilikuwa karibu kuwekwa pale kama historia, hadi wanahistoria walipopiga kelele.

Kinachoniuma ni kwamba mifarishi yenye maana iliyothibitishwa ilikuwepo. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alishona mfarishi wa visa vya Biblia, akauonyesha kwenye maonyesho ya Athens, jimboni humo, mwaka 1886. Mwaka 1891, shida zilipombana, aliuuza kwa dola 5 kwa mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, huku akimweleza kila kipande kilihusu nini, na mwalimu akaandika. Leo uko Smithsonian, Washington. Tunajua ulisema nini kwa sababu aliyeushona aliulizwa akiwa hai.

Wala sisemi kwamba watu wa huku hawakujua kuficha maneno ndani ya alama. Majirani zetu Agikuyu walikuwa na gĩcandĩ, kibuyu cha kutikisa kilichochorwa alama nyingi, na kila alama ilimkumbusha mwimbaji ubeti wake wa mafumbo. Waimbaji wawili walishindana hadharani. Aliyeshindwa kufumbua alinyang'anywa kibuyu. Padri Vittorio Merlo Pick alichapisha kitabu juu yake mwaka 1973, na Kimani Njogu akaichambua sanaa hiyo baadaye. Hapo pana walimu, wanafunzi, mashindano, na adhabu ya kutojua. Anayedai kwamba kiondo cha Tharaka nacho kilikuwa barua, na atuonyeshe nani alimfundisha nani kuisoma.

Na hiyo Mau Mau wanayoiingiza kwenye kikaratasi inatosha bila chumvi. Wanawake wa Meru na Embu walibeba chakula kuwapelekea wapiganaji msituni, waliokuwa pamoja na majenerali Baimungi na Mwariama, hatari ikiwa kifungo au kifo. Baadaye walifungiwa katika vijiji vya hali ya hatari na kulazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu ili chakula hicho kisipite. Siri haikuwa nje ya kiondo. Ilikuwa ndani, chini ya majani ya mbuzi.

Rafiki yangu mwenye kibanda Gakoromone, Meru mjini, ananiona mkaidi. Mzungu akisoma habari za mlima na mashujaa, anasema, hata bei haombi ipunguzwe, na msusi anapata mia mbili zaidi. Kama ni kweli anapata, sina neno la kumjibu haraka, maana karo hailipwi kwa ukweli. Ila katika vyondo vinavyopita kwangu nyongeza hiyo sijaiona ikishuka Ishiara. Hadithi imeandikwa Nairobi, inauzwa Nairobi, na faida yake inalala Nairobi. Msusi hata jina lake halimo kwenye kikaratasi; ameandikwa "wanawake wa jamii."

Hasara kubwa zaidi iko mbele. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni inazitaka serikali za kaunti ziwe na rejista ya maarifa hayo. Naiunga mkono. Lakini nawajua maofisa: mwisho wa mwaka wa fedha ukikaribia na rejista ikiwa tupu, karatasi iliyochapishwa vizuri itanakiliwa. Zigizaga itakuwa Mlima Kenya kwa muhuri wa serikali, na msusi wa Siakago atakayesema ni urembo tu ataambiwa hajui mila zake. Kisha Wakamba, wenye haki juu ya mtindo huohuo, wataulizwa kwa nini wanaiga.

Sisi Wambeere tumeliona hili kwenye ardhi. Mwanaanthropolojia Jack Glazier aliandika kitabu mwaka 1985 kuhusu jinsi koo zilivyotumia mila katika kesi za mashamba wakati wa upimaji. Ardhi ilipoanza kupimwa ili ipate hati, nasaba zikaanza kunyooshwa ili ziende na madai. Wazee hawakuwa waongo kuliko watu wengine. Walikuwa mbele ya baraza lililotaka jibu moja, lenye faida. Rejista ya utamaduni ni baraza la namna hiyo.

Ninachoziomba kaunti za Embu, Meru na Tharaka Nithi ni kidogo. Mtumeni mtu akae na msusi, si na muuzaji. Aandike jina lake kama ameridhia, mwaka, kijiji, uzi umetoka wapi, alifunzwa na nani. Mwaniki aliyekusanya historia ya Embu miaka ya 1970 aliwaendea wazee wenyewe. Mtafiti Fadiman aliandika masimulizi ya Wameru kuhusu kuhama Mbwaa, makao yao ya kale, kama alivyoyasikia kwa wasimulizi wenyewe, na wataalamu wanabishana juu yake hadi leo kwa sababu kuna kitu cha kubishania. Msusi akisema hajui maana, liandikwe hilo. Akisema zigizaga ni mto Thuci, liandikwe pia, kwa jina lake, kama neno lake yeye.

Kuna uvumi mwingine ningependa rejista hiyo itusaidie kuuzika, ule wa kwamba Wajapani walipata hataza juu ya kiondo. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya na hudumu miaka 20. Kikapu cha bibi zetu si uvumbuzi mpya popote duniani. Kikoi kilikuwa jambo jingine: kampuni moja ya Uingereza iliomba alama ya biashara juu ya jina, ikapingwa, ombi likaachwa. Tunapolilia wizi ambao haukutokea, wizi halisi wa viwanda vya kuiga hupita mlango wa nyuma.

Vikaratasi nilivirudisha. Nikampa mnunuzi vipande vya kitambaa vyenye jina la msusi, kijiji, na maneno "katani na uzi wa sweta." Alivisoma, akasema sweta haitauzika. Sasa mzigo wake anaupeleka kwa fundi mwingine, mtaa wa pili.