Namba za siri ziulizwe zilikotoka

Mei 13, 2008, mradi wa Debian, unaotengeneza mojawapo ya mifumo endeshi inayotumika sana kwenye seva duniani, uliwatangazia watumiaji wake habari nzito: funguo nyingi za siri walizotengeneza kwa mfumo huo tangu Septemba 2006 hazikuwa siri tena. Zitupwe, zitengenezwe nyingine. Watumiaji wa Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Debian, nao walikumbwa. Hakuna mdukuzi aliyevunja mlango. Kosa lilifanyika ndani, tena na mtu mwenye nia njema aliyekuwa akisafisha programu.

Ilikuwa hivi. OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za kulinda mawasiliano, hukusanya vitu visivyotabirika na kuvichanganya kabla ya kutoa namba. Chombo cha ukaguzi kiitwacho Valgrind kikawa kinalalamika kwamba programu hiyo inasoma sehemu ya kumbukumbu ambayo haijawekwa kitu. Aliyekuwa akiitunza upande wa Debian aliuliza kama anaweza kuondoa mistari inayoleta malalamiko hayo, hakupata pingamizi, akaizima. Kumbe mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza kila kisichotabirika kwenye mchanganyiko. Kikabaki kitu kimoja tu kinachobadilika: namba ya mchakato, yaani ile namba ambayo mfumo huipa kila programu inapoanza kazi, ambayo wakati huo kwa kawaida haikuzidi 32,768.

Matokeo yake, kwa kila aina na kila ukubwa wa ufunguo kwenye kompyuta za aina moja, watumiaji wote wa Debian walikuwa wakigawana funguo elfu thelathini na ushee. Mwenye nia mbaya angeweza kuzitengeneza zote kwa muda mfupi, kisha akajaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine kwenye seva. Kwa macho, funguo hizo hazikuwa na kasoro: zilikuwa ndefu na zenye herufi zilizovurugika kama inavyotakiwa. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu hadi mtaalamu Luciano Bello alipogundua.

Hapo ndipo ilipo hatari ya jambo hili, na ndiyo sababu halifai kuachwa mikononi mwa mafundi peke yao. Programu ya mishahara ikikosea, mfanyakazi atakuja juu siku hiyohiyo. Namba nasibu, yaani hizo zisizotabirika, zikiharibika, kazi inaendelea, wateja wanaingia na kutoka, na anayejua ni yule tu anayewaibia.

Kompyuta imeundwa kutii. Ukiipa mwanzo uleule na kanuni ileile, itakupa jibu lilelile, leo na mwakani. Kanuni nyingi zinazoitwa za nasibu ni hesabu za kawaida: zinapewa mbegu, yaani namba ya kuanzia, zinatoa mfululizo unaoonekana umevurugika. Mersenne Twister, kanuni maarufu iliyotungwa na Wajapani wawili miaka ya 1990 na ambayo Python huitumia kwenye maktaba yake ya kawaida, ni nzuri sana kwa michezo na utafiti. Lakini anayeona namba 624 mfululizo zilizotoka humo anaweza kukokotoa zote zinazofuata. Ni kama karata zinazochanganywa kwa mtindo uleule kila siku: aliyekariri mtindo anajua karata ijayo.

Nasibu halisi lazima itoke nje ya hesabu, na mwenye nafasi ya kuipata ni kiini cha mfumo endeshi. Kiini huona mambo ambayo programu ya kawaida haiyaoni: tofauti ndogondogo za muda kati ya kubonyezwa kwa vitufe, kuwasili kwa data za mtandao, mwenendo wa diski, na siku hizi saketi maalumu ndani ya prosesa. Linux ilianza kukusanya hayo mwaka 1994 kwa kazi ya Theodore Ts'o. Leo Windows, macOS, Linux na jamaa ya BSD zote zinayo huduma hiyo, na zote zinaitoa bure kwa programu yoyote inayoomba.

Tatizo ni kwamba kila mfumo una mlango wake. Linux ina getrandom tangu 2014, OpenBSD ina arc4random, Windows ina BCryptGenRandom. Watunga viwango wa lugha ya C++ walitaka kuwapunguzia watu usumbufu, wakaweka mwaka 2011 kifaa kimoja, random_device, cha kufanya kazi kote. Wakaacha mwanya: penye ugumu wa kupata nasibu halisi, watengenezaji wanaruhusiwa kuweka hesabu ya kawaida badala yake. Mwanya ukatumika. Kwa miaka mingi, programu iliyotengenezwa kwa MinGW, yaani kompaila ya GCC iliyoandaliwa kwa ajili ya Windows, ilitoa namba zilezile kila ilipowashwa. Programu hiyohiyo, bila kubadilishwa herufi, ikipelekwa Linux ilitoa namba mpya kila mara. Marekebisho yalikuja na GCC 9.2 mwaka 2019. Kuruhusu kitu kinachoahidi nasibu kitoe mfululizo uliokaririwa, tena kimyakimya, lilikuwa kosa la watunga kiwango. Kushindwa kwa sauti kungekuwa salama zaidi.

Hata kiini chenyewe kina wakati wake wa udhaifu. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani, akiwamo Nadia Heninger, walikagua funguo za umma kwenye intaneti na wakaweza kupata funguo za siri za takribani nusu ya asilimia moja ya seva zilizotumia TLS, itifaki ya kulinda mawasiliano ya intaneti. Nyingi zilikuwa ruta na vifaa vidogo vya aina hiyo. Kifaa kama hicho hakina kibodi wala diski. Kinatengeneza ufunguo wake dakika za mwanzo kabisa, kabla hakijakusanya chochote kisichotabirika.

Kuna pia wanaoharibu kwa makusudi. Eddie Tipton, aliyekuwa mkuu wa usalama wa mifumo katika chama cha bahati nasibu za majimbo ya Marekani, alipenyeza maagizo machache kwenye programu ya kuchagua namba za ushindi, ili katika siku fulani za mwaka namba hizo ziweze kutabirika. Mwaka 2010 alinunua mwenyewe tiketi iliyoshinda dola milioni 16.5, na kujaribu kuchukua fedha hizo ndiko kulikomponza. Mwaka 2017 alikiri, akahukumiwa kifungo cha hadi miaka 25.

Jambo hili linaifikia Afrika Mashariki kila siku, kwa sababu benki na huduma za fedha za simu hutuma namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Namba ya tarakimu sita ina uwezekano wa milioni moja. Lakini fundi akiitoa kwa mbegu ya saa ya kompyuta inayohesabu sekunde, anayejua kanuni na dakika ilipotumwa ana namba 60 tu za kujaribu.

Wala dawa yake si ghali. Anayeandika PHP atumie random_int badala ya rand. Wa Python atumie secrets, iliyokuja na toleo la 3.6 mwaka 2016. Wa JavaScript aachane na Math.random kwenye chochote kinachogusa siri, atumie crypto.getRandomValues. Zote tatu hubisha hodi kwenye kiini, na wahadhiri wangefanya vyema kuzifundisha mapema, pamoja na somo la kwanza la namba nasibu. Benki, kampuni za simu na wasimamizi wa michezo ya kubahatisha nao waandike sharti hili katika kila mkataba wa programu: muuzaji aonyeshe mahali hasa ambapo namba zake za siri zinaombwa, na mkaguzi asiye wake apewe ruhusa ya kuangalia.