Asiye na mlango



Wakati wa kampeni ya polio, wachanjaji hupita nyumba kwa nyumba. Mtoto akipewa matone, kidole chake hupakwa wino, na mlangoni huandikwa kwa chaki. Sasa mama anayelala na mtoto kando ya soko la Kenya, chaki yake itaandikwa wapi?

Tumezoea kusema: wale wa barabarani wanakataa chanjo. Lakini mama mmoja kijana anayelala nje alipotueleza habari zake, hakusema neno baya juu ya sindano. Mwanawe alichanjwa mara ya kwanza. Kisha mvua ikaharibu karte, naye akaona haya kurudi: nguo chafu, macho ya wamama wengine kwenye benchi, woga wa kugombezwa. Tena, watu wenye sare na daftari wakikaribia usiku, anadhani wamekuja kukamata. Anakimbia kabla ya kujua wameleta nini.

Surua haiulizi anwani. Katika mlipuko wa 2019 hadi mwanzo wa 2020, wagonjwa katika inchi yetu walipita 300,000, na waliokufa walipita 6,000, wengi wao watoto wadogo. Mtoto wa nje, mwenye njaa na baridi, ndiye wa kwanza kuzidiwa. Na anacheza na watoto wetu.

Basi tufanye hivi. Kwanza, tumwambie mama kwamba karte ikipotea, chanjo hazianzi upya. Mtoto anaendelea pale alipofikia. Isipojulikana kama amechanjwa surua, kumchanja tena hakumdhuru. Pili, mama mmoja wa kikundi amtunzie karte nyumbani, pakavu. Tatu, tusimtume peke yake. Twende naye, tuketi naye benchi moja, tumngoje mpaka aitwe.

Tukumbuke siku zenyewe: baada ya chanjo za kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 kwa surua na homa ya manjano. Muuguzi atatuambia tarehe ya kurudi. Tuiandike sisi pia, maana yeye hana ukuta wa kutundika kalenda.

Katika mkutano ujao, kila kikundi kiseme kimesindikiza wamama wangapi. Hata mmoja, tutamhesabu.