FAIDA ITOKANAYO NA DAFTARI LA SIRI

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye duka huandika jina la mkopaji na deni lake, naye mkopaji ajua kwamba ameandikwa. Katika biashara ya intaneti mambo yamegeuka. Mteja huandikwa hata asipokopa, na mara nyingi hana habari.

Yako makampuni ya programu za kompyuta ambayo kazi yake ni kumlenga kila mteja kwa bidhaa na matangazo yanayolingana na mwenendo wake. Hukusanya kurasa alizofungua na vitu alivyonunua, kisha hukisia atakachotaka kesho. Wawekezaji huyapenda, kwa sababu tangazo linalomfikia mtu anayelihitaji lina thamani kubwa. Hatusemi kwamba kutafuta faida hiyo ni uovu. Mteja naye hufurahi kuonyeshwa upesi anachokitafuta. Twauliza tu: mali inayouzwa hapa ni ya nani?

Mwaka 1999 kampuni ya matangazo ya DoubleClick ya New York iliinunua Abacus Direct kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1. DoubleClick ilifuatilia nyendo za watu katika tovuti bila kuyajua majina yao. Abacus ilikuwa na majina, anwani na manunuzi ya mamilioni ya kaya za Marekani zilizoagiza bidhaa kwa katalogi. Nia ilikuwa kuyaunganisha madaftari hayo mawili. Watetezi wa faragha walilalamika, Tume ya Biashara ya Shirikisho ikaanza uchunguzi, na bei ya hisa ikashuka. Machi 2000 kampuni ilisitisha mpango huo.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2008 Google ilikamilisha kuinunua DoubleClick kwa dola bilioni 3.1. Mwaka 2016 ikaondoa katika sera yake kauli kwamba haitachanganya taarifa za DoubleClick na zile zinazomtambulisha mtu bila ridhaa yake. Wenye akaunti za zamani waliulizwa kama wanakubali. Akaunti mpya zilifunguliwa mpango huo ukiwa umekwisha kuwashwa. Kelele za mwaka 2000 zilikuwa zimesahaulika.

Hivyo ahadi ya kampuni hudumu kadiri wenye mali wanavyotaka idumu. Ndiyo maana sheria ni za lazima, nasi twapongeza kwamba Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Hata hivyo, sheria huja baada ya kosa. Mwenye hisa yupo tangu mwanzo, fedha zinapotolewa.

Kwa hiyo yawapasa wanaosimamia mifuko ya pensheni, vyama vya akiba na fedha za taasisi zetu kuuliza mambo matatu kabla ya kununua hisa za makampuni ya namna hii. Kwanza, je, mteja ameelezwa kwa lugha anayoielewa kinachoandikwa juu yake? Pili, je, aweza kukataa bila kunyimwa huduma? Tatu, kampuni ikiuzwa, daftari lake litakwenda kwa nani?

Kampuni isiyoweza kujibu haistahili akiba ya mkulima wala ya mwalimu. Gawio lake ni tamu, lakini limetozwa kwa mtu ambaye hakuulizwa.