Ugonjwa Usiosubiri Kikao

Ipo sentensi ambayo watumishi wa umma wa nchi hii huirithi kizazi kwa kizazi: "Wananchi wana uelewa mdogo." Utaikuta katika taarifa za kipindupindu, za vifo vya wajawazito, za chanjo na za kila janga lililotufika. Ni sentensi tamu, kwa kuwa humwondolea lawama anayeiandika na kumtwika mtu ambaye taarifa yenyewe hataiona. Leo naipinga kwa kutumia ugonjwa mmoja wa nadra. Nimeuchagua kwa sababu hautoi nafasi ya visingizio: huweza kumwua mtu mwenye nguvu zake kwa siku mbili au tatu, na wakati mwingine kwa saa.

Magazeti huwaita wasababishi wake "bakteria wanaokula nyama". Jina la kitabibu, nekrotaizingi fasaitisi, lilitolewa na daktari Wilson mwaka 1952, ingawa ugonjwa wenyewe ulielezwa karne nyingi kabla yake. Kwa kweli bakteria hawa hawali kitu. Huingia kupitia mlango mdogo, kama vile mkwaruzo, mwiba, kuumwa na mdudu, jipu lililokamuliwa, kidonda cha mguu wa mwenye kisukari au mshono wa upasuaji. Wakishapenya huenea katika utando unaofunika misuli, chini kabisa ya ngozi, wakimwaga sumu zinazoua nyama na kugandisha damu katika mishipa midogo. Mishipa ikishaziba, dawa haifiki palipooza. Kwa sababu hiyo vidonge na sindano peke yake havitoshi. Ni lazima daktari wa upasuaji akate na kuondoa kilichokufa, mapema, na mara nyingi arudie zaidi ya mara moja. Hata katika hospitali zenye kila kitu, takriban mmoja kati ya wagonjwa wanne au watano hufariki. Bila upasuaji, karibu wote hufariki.

Nimeichukua kata ya Nsemulwa, katika Manispaa ya Mpanda, kuwa kipimo cha hoja yangu, na nina sababu. Ningeitaja Karema, kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, msomaji angenijibu upesi kwamba tatizo ni umbali, kwa kuwa kutoka huko hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 100. Nsemulwa ni kata ya mjini. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi imo ndani ya manispaa hiyo hiyo. Hapo kisingizio cha umbali hakipo, na tunalazimika kuuliza swali gumu zaidi: mkulima wa mpunga aliyejikata kwa jembe, au mchimbaji mdogo wa dhahabu aliyechubuliwa na jiwe, akianza kuumwa usiku wa Jumamosi, ni nini hasa kinachomchelewesha hadi Jumanne?

Cha kwanza ni lugha yetu sisi wasomi. Maelezo mengi ya afya tumeyatafsiri kutoka vitabu vya Ulaya, nayo humwambia mtu aangalie "wekundu wa ngozi". Ngozi ya nani? Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, au huonekana kama weusi uliokolea au rangi ya zambarau, na ikifika hapo muda umekwisha kupotea. Dalili ya mapema iliyo ya kweli kwa kila rangi ya binadamu ni maumivu yanayozidi kidonda: mahali panaonekana padogo, lakini mtu analia na hataki paguswe. Hufuata uvimbe mgumu unaopanuka, homa, mwili kulegea, kisha malengelenge yenye maji meusi, ngozi kufa ganzi na akili kuchanganyikiwa. Maumivu makali yakitoweka ghafla huku hali ya mgonjwa ikizidi kuwa mbaya, asishangilie mtu, kwani huenda mishipa ya fahamu imekufa. Kuna kipimo ambacho hata mtoto wa shule anaweza kukitumia: chora mstari kwa kalamu kuzunguka ukingo wa uvimbe. Uvimbe ukiuvuka mstari huo katika muda wa saa chache, hilo ni jambo la hospitali, usiku huo huo.

Cha pili ni duka la dawa. Kwa wengi wetu duka ndilo daktari wa kwanza, kwa kuwa liko karibu, halina foleni na halidai kadi. Mwenye duka huuza dawa ya maumivu. Maumivu yanapungua, homa inashuka, na ile kengele pekee iliyokuwa ikilia inanyamazishwa. Vidonge vya rangi mbili hufunguliwa na unga wake kunyunyiziwa kidondani. Mganga naye, akiitwa, huona mkono wa mtu katika uvimbe unaokwenda kasi namna hiyo. Simtukani muuzaji, wala simtukani mganga. Wote wawili wanaaminiwa, na mtu anayeaminiwa ndiye anayefaa kufundishwa aseme: "Hili si langu, nenda hospitali sasa." Serikali ilipoanzisha maduka ya dawa muhimu mkoani Ruvuma mwaka 2003, ilithibitisha kwamba muuzaji wa dawa anaweza kupewa mafunzo. Kwa nini ishara hizi tano au sita zisibandikwe katika kila kaunta?

Cha tatu, nacho ni kizito kuliko vyote, ni fedha. Familia haikai nyumbani kwa kuwa haijui kwamba mgonjwa anaumwa. Hukaa ikihesabu: nauli ya bodaboda au ya gari, fedha ya kutanguliza, dawa zitakazoandikwa, siku za kulala wodini, shamba litakalobaki bila mtu. Bima ya CHF iliyoboreshwa, kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilikuwa hatua njema, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Lakini sheria iliyomo kwenye karatasi haimpeleki mgonjwa chumba cha upasuaji. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Haki hiyo ina maana gani kwa mtu ambaye nyama yake inaoza huku ndugu zake wakichangishana?

Mwaka 1994 mwanasiasa mashuhuri wa Kanada, Lucien Bouchard, aliugua ugonjwa huu huu. Alikuwa kiongozi wa upinzani bungeni na mwanasheria kwa taaluma. Madaktari walimkata mguu ili kuokoa maisha yake, na mwanzoni mwa mwaka 1996 akawa waziri mkuu wa jimbo la Quebec. Hakuokolewa na usomi wake. Aliokolewa na hospitali iliyomkata kwanza na kuuliza mengine baadaye.

Najua pingamizi litakalotolewa: tuna malaria, tuna kifua kikuu, tuna wajawazito, itakuwaje tupoteze nguvu kwa ugonjwa wa nadra? Najibu kwa mfano wa nyumbani. Kati ya mwaka 1998 na 2002, jijini Dar es Salaam, madaktari wa kisukari waliandika habari za wagonjwa ambao michubuko midogo ya mikono iligeuka kuwa uambukizi wa kutisha. Wapo waliopoteza vidole au mkono, na wapo waliopoteza maisha. Wengi wao walifika wamechelewa. Madaktari hao hawakuishia kuwalaumu wagonjwa. Juhudi za kufundisha wauguzi na wagonjwa kutunza miguu na kuwahi kliniki zilifuata, na zikasambaa hadi mikoani. Ugonjwa wa nadra uliwaonyesha ufa ambao magonjwa ya kawaida hupitia kila siku. Anayejifunza kuharakisha kidonda hiki ataharakisha pia mguu wa kisukari, kuumwa na nyoka na uambukizi wa damu baada ya kujifungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tunaujenga kwa viungo vya watu.

Tena, hatuhitaji kubuni jambo jipya. Mfumo wa m-mama, ambao sasa uko nchi nzima, humwezesha mama mjamzito kupiga namba 115 bila malipo na kupata usafiri wa dharura. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa, naye hulipwa na mfumo. Hii ni kazi nzuri ya Serikali, nami naisifu bila kusita. Nadai mlango huo ufunguliwe pia kwa mgonjwa wa dharura asiye mjamzito. Nadai kila zahanati iwe na kanuni iliyoandikwa kwamba maumivu yanayozidi kidonda ni rufaa ya siku hiyo hiyo. Na nadai hospitali za umma zikatazwe waziwazi kusubiri malipo kabla ya upasuaji wa kuokoa maisha.

Mwanafunzi unayenisoma, chukua ishara nilizozitaja uzifikishe kijijini kwenu likizo hii, kwa lugha ya nyumbani. Pia waambie kwamba mgonjwa huyu si wa kukimbiwa, maana ni nadra sana ugonjwa huu kuambukizwa kwa kuguswa. Mwanaharakati, acha kusambaza picha za miguu iliyooza. Sambaza kipimo cha kalamu, na uulize katika baraza la madiwani bajeti ya rufaa iko wapi. Nawe mtumishi wa umma, utakapokaa kuandika taarifa ijayo na kalamu ikakupeleka kwenye "uelewa mdogo", sita kidogo. Andika saa ambayo mgonjwa alianza kuumwa, saa aliyofika na saa aliyoingia chumba cha upasuaji. Kisha andika, kwa uaminifu ule ule, nini kilijaza nafasi zilizo katikati ya saa hizo.